Muulize kwanza: ni Lumumba wa mwaka gani?

Swali: "Jambo sana, Mwalimu. Niko Lubumbashi, komine ya Katuba, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwenye kartie yetu kumefika vijana wa kundi jipya la siasa. Wanasema wao ndio walumumbisti wa kweli, na wanauza karti za uanachama pamoja na fulana zenye sura ya Lumumba na Sankara, yule wa Burkina Faso. Jirani yetu ana karti ya chama kingine cha Lumumba tangu zamani, naye anawaita waongo. Baba mkubwa nyumbani anasema wote wanapoteza muda, kwa sababu Lumumba alikuwa adui wa Katanga. Nitajuaje nani mrithi wa kweli kabla sijatoa franga zangu?"

Jibu:

Jambo sana nawe, ndugu yangu. Mrithi wa kweli hayupo. Marehemu akiacha nyumba na shamba, familia hukaa, mashahidi huitwa, kila mtu hupata fungu lake. Mawazo hayagawiwi hivyo. Hakuna ofisi ya Leta, yaani serikali, inayotoa hati ya kusema huyu ni mlumumbisti na yule amejibandika tu. Hata damu haifungi mjadala: François Lumumba, mtoto wa marehemu, ameongoza chama cha MNC-Lumumba, na bado vyama vingine vimelishika jina la baba yake bila kumwomba ruhusa mtu.

Kwa hiyo ukiendelea kutafuta nani wa kweli utazunguka bure kati ya jirani na wale vijana. Tafuta kitu kinachopimika: wamechukua kipande gani cha Lumumba, kipande gani wamekiacha, na hicho walichochukua wanakifanyia kazi gani leo hapa Lubumbashi. Mlango mwepesi wa kuingilia ni kuwauliza, kwa adabu, wanamfuata Lumumba wa mwaka gani.

Maana Lumumba alibadilika haraka sana. Mwaka 1956 alikuwa karani wa posta Stanleyville, yaani Kisangani, akakamatwa kwa kuchukua franga 126,000 za posta na kufungwa. Katika miaka hiyo, 1956 na 1957, aliandika kitabu kilichochapishwa 1961 baada ya kifo chake. Ukikisoma utashangaa: ni mtu mpole, anawaomba Wabelgiji wawape heshima Wakongo waliosoma, anatamani ushirikiano, hapigi kelele za uhuru wa haraka. Alipotoka kifungoni alihamia Léopoldville akawa anauza bia ya Polar. Tarehe 10 Oktoba 1958 MNC, yaani Mouvement National Congolais, ikaanzishwa, naye akawa kiongozi wake. Desemba mwaka huohuo akaenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika, akakutana na Nkrumah wa Ghana, na tarehe 28 Desemba alikuwa amerudi mbele ya umati wa Léopoldville akidai uhuru kama haki, hakuomba tena zawadi. Julai 1959 MNC ikapasuka: wenzake Kalonji, Ileo na Adoula walimlaumu kwamba anaamua peke yake. Januari 1960 alihamishiwa gereza la Jadotville, Likasi ya leo, na siku chache baadaye alikuwa Brussels kwenye Meza ya Duara, mkutano wa kupanga uhuru. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, ni hotuba ambayo kila mtu anaijua. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu akamfukuza kazi. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa nje ya mji wako, Shilatembo, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Hesabu: kutoka kitabu kile cha upole hadi hotuba ya 30 Juni ni miaka isiyozidi minne. Mtu akikuambia tu "sisi ni wa Lumumba", amekupa jina na sura, bado hajakupa fikra.

Makundi mengi hukata kipande kilekile, kutoka hotuba ya 30 Juni hadi kifo. Sababu ni rahisi. Hotuba na kifo havimdai mfuasi kitu chochote. Unapiga makofi, unalia, unarudi nyumbani. Wachoraji wa Katanga waliliona hilo mapema. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970, aliweka misalaba mitatu kwenye picha ya kifo cha Lumumba, kama Golgota. Ni kazi ya ajabu, na familia nyingi za hapa zilikuwa na picha za Lumumba za aina hiyo ukutani. Lakini mtu akishapandishwa msalabani hakuna anayemuuliza tena kuhusu bajeti. Lenin aliandika mwaka 1917 kwamba wanamapinduzi huwindwa wakiwa hai, na wakishakufa hugeuzwa sanamu zisizomdhuru mtu. Mwaka 1924 wenzake wakamkausha yeye mwenyewe wakamweka kwenye kioo pale Moscow.

Sasa mwezi wa kuwaulizia. Waulize kuhusu Agosti 1960. Nakuhakikishia, hapo ndipo wengi hutoka jasho.

Agosti 1960 Lumumba ni waziri mkuu wa nchi isiyotimiza miezi miwili. Askari wameasi tangu tarehe 5 Julai, maofisa Wabelgiji wamekimbia, jeshi la Ubelgiji limeingia bila kualikwa, Katanga imejitangaza nchi tarehe 11 Julai, na Kasai Kusini ya Kalonji nayo inajitenga. Lumumba anatangaza hali ya hatari na kubana magazeti. Kisha jeshi la taifa linapelekwa Kasai Kusini, linafika Bakwanga, Mbuji-Mayi ya sasa, na raia wengi wanauawa. Dag Hammarskjöld wa Umoja wa Mataifa alisema mauaji yale yana dalili za mauaji ya kimbari. Tusisahau kwamba Hammarskjöld alikuwa na ugomvi wake na Lumumba, lakini maiti za Bakwanga hazikubuniwa na mtu. Katuba yenu imejaa familia zenye asili ya Kasai. Muulize mzee mmoja atakusimulia.

Sikiliza jibu watakalokupa. Wakisema "ni uongo wa wakoloni", umeshajua: wana sanamu. Wakisema "alifanya vizuri, wasaliti walistahili", simama uondoke, maana hao wanakuandalia kazi ya kuumiza watu. Jibu lenye uzito ni la mtu anayeweza kueleza mtego ule ulivyokuwa, jeshi lisilo na maofisa na nchi inayomeguka, halafu akakubali kwamba raia waliuawa chini ya serikali ile, na akakuonyesha ni kanuni gani kundi lake limejiwekea ili lisije likatumia nguvu hivyo. Mrithi hurithi na madeni.

Swali la pili ni la madini, na hapa Lubumbashi usikubali kuondoka bila kuliuliza. Watakuambia Lumumba alitaka utajiri wa Kongo uwe wa Wakongo. Ni kweli. Lakini vijana wengi huongeza kwamba alitaifisha Union Minière, ile kampuni kubwa ya Wabelgiji ya madini ya Katanga, na hilo halikutokea. Serikali yake ilidumu miezi miwili na nusu hivi, na siku chache kabla ya uhuru Ubelgiji ulikuwa tayari umeivunja CSK, ile Kamati Maalumu ya Katanga iliyoshika hisa za kampuni, hivyo Kongo ikapoteza wingi wa kura ndani ya kampuni. Lumumba alikuta mlango umeshafungwa. Aliyeichukua Union Minière alikuwa Mobutu, mwishoni mwa Desemba 1966, ikawa Gécomin na baadaye Gécamines. Mobutu yuleyule ambaye askari wake walimkamata Lumumba, na ambaye tarehe 30 Juni 1966 alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Nitarudi kwake.

Kwa hiyo usiwaulize kama wanapenda madini yawe ya Wakongo. Hata mwizi atajibu ndiyo. Waulize namba. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaitoza shaba redevansi, yaani ushuru wa madini, ya 3.5 kwa mia, na kobalti, kwa kuwa imetangazwa madini ya mkakati, 10 kwa mia. Redevansi hiyo hugawanywa: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 komine, sekta au cheferi ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo kuna 0.3 kwa mia ya mauzo ya kampuni ambayo lazima iende kwenye miradi ya wakaaji wa karibu na mgodi. Kundi la kilumumbisti la Haut-Katanga linapaswa kuwa na mtu anayejua ile 15 iliingia kwenye akaunti gani, nani aliitia sahihi, na ilijenga nini. Wasipokuwa naye leo, si dhambi. Waulize watamtafuta lini. Wakikujibu kwa wimbo, umepata jibu.

Na hapo hapo kuna kisu chenye makali zaidi. Lumumba alikuwa mtu wa nchi moja yenye serikali kuu imara. Vyama vya CONAKAT ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na ABAKO ya Kasa-Vubu vilitaka madaraka yakae majimboni. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na yabaki hukohuko yanakotoka. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Sasa mlumumbisti wa Lubumbashi anasimama wapi? Akidai 40 ibaki hapa, anasimama karibu na Tshombe kuliko anavyopenda kukiri. Akisema iende yote Kinshasa, hatapata kura hata moja kwenye komine zetu za Kenya wala Kamalondo. Inawezekana kabisa kuwa mlumumbisti wa umoja wa nchi na bado ukatetea ile 40, kwa sababu sheria ni sheria na umoja usiolipa haudumu. Lakini lazima mtu awe amelifikiria. Kundi linaloimba umoja wa Lumumba asubuhi na kudai Katanga kwanza jioni, bila kuona kwamba kuna kazi ya kuunganisha hapo, linatafuta kura tu.

Kuhusu fulana yao. Lumumba na Sankara pamoja ni picha nzuri, ila inaficha swali. Lumumba aliingia kwa kura: Mei 1960 MNC yake ilipata viti 33 kati ya 137, ikawa ya kwanza, ikaunda serikali ya muungano ikapitishwa na bunge. Sankara aliingia kutoka kambi ya jeshi tarehe 4 Agosti 1983 na akatawala bila uchaguzi hadi alipouawa 15 Oktoba 1987. Alifanya mambo makubwa kwa muda mfupi, chanjo za watoto mwaka 1984 zikiwa mfano, na magari ya kifahari ya serikali aliyauza akawapa mawaziri Renault 5. Pia aliwafukuza walimu zaidi ya 1,000 waliogoma. Wote wawili ni wakubwa, sibishi. Lakini njia zao ni mbili, kura na kambi, na anayewavaa kifuani pamoja akuambie yeye anapita ipi. Katiba yetu imeshachagua: kifungu cha 64 kinampa kila Mkongo wajibu wa kumzuia anayeshika madaraka kwa nguvu, na cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au wanamgambo. LUCHA, vuguvugu la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, liliamua mapema kwamba halitagusa silaha na halitakuwa na rais. Unaweza kuwapenda au kuwakosoa, lakini ukiwauliza njia yao watakuambia kwa sentensi moja.

Sasa nirudi kwa Mobutu, kwa sababu historia ya waliomdai Lumumba ni shule kuliko maneno ya wale vijana.

Mwaka 1966 Mobutu alihitaji uhalali. Alikuwa amepindua serikali Novemba 1965, na jina lake lilikuwa limeshikamana na kifo cha Lumumba. Akafanya jambo la akili: akamchukua marehemu. Mwaka huohuo miji ikabadilishwa majina, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Sheria ya Bakajika ikairudisha ardhi mikononi mwa Leta. Union Minière ikachukuliwa. Mwaka 1967 akaanzisha chama cha MPR na kutangaza utaifa wa Kikongo, na punde ikawa chama pekee. Ukiangalia orodha ile peke yake, utasema Mobutu ndiye mlumumbisti aliyetenda kuliko wote. Kilichokosekana ni kitu kimoja: hakuna raia aliyeweza kumwondoa wala kumuuliza Gécamines imeingiza kiasi gani. Ndiyo maana nasema kupima matendo tu hakutoshi. Pima pia nani ana uwezo wa kumdhibiti mtendaji.

Wengine walipita njia ya silaha. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu wa Lumumba, alikwenda China akajifunza, na mwanzoni mwa 1964 akaanzisha uasi Kwilu, magharibi mwa nchi. Aliwapa wapiganaji kanuni za nidhamu zilizofuata zile za Mao: heshimu raia, lipa bei ya haki kwa unachochukua. Mashariki uasi wa Simba ulikuwa wa watu wengine, akina Soumialot, chini ya mwavuli wa CNL, baraza la ukombozi, ya Gbenye. Huko kanuni za Mulele hazikufika, likafika jina lake tu, na likageuzwa dawa. Wapiganaji walinyunyiziwa maji, wakaenda kwenye risasi wakipaza sauti "Mai Mulele!" Mwenyewe alikuwa Kwilu, upande wa pili wa nchi kabisa. Majina ya makundi ya Mai-Mai unayosikia hadi leo yana mizizi humo. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa mwanafikra ambaye jina lake lilisafiri bila fikra zake. Na Stanleyville, Agosti 1964, Simba walipoushika mji, waliwaua makarani na wasomi mbele ya mnara wa Lumumba. Lumumba alikuwa karani. Angekuwa hai bila jina lake, pengine wangempanga kwenye mstari uleule.

Laurent-Désiré Kabila alitoka katika uasi huohuo. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa miezi kadhaa milima ya Fizi na Wakuba wake, akaondoka Novemba, na mwenyewe aliandika kwamba ile ni historia ya kushindwa. Kabila akabaki na chama chake cha PRP na maquis, yaani maficho ya waasi, ya Hewa Bora. Oktoba 1996 AFDL, muungano wa waasi wa Kabila, ikaundwa Lemera, Lumumba akiwa midomoni mwao, na tarehe 17 Mei 1997 wakaingia Kinshasa. Kuna mambo mawili ya kutazama hapo. Waliingia na majeshi ya Rwanda na Uganda, jambo gumu kulipatanisha na mtu aliyekufa akidai nchi isiyoamuliwa na wageni. Na mara tu baada ya kushika madaraka walisimamisha shughuli za vyama. Vyama vya kilumumbisti navyo vilisimamishwa.

Kuhusu PALU, chama cha Antoine Gizenga, nitasema kidogo, kwani pengine ndicho cha jirani yako. Gizenga alikuwa naibu waziri mkuu wa Lumumba, PALU ni ya 1964, na kwa miaka mingi walivumilia mateso ya Mobutu bila kujiuza. Heshima yao waliipata kwa haki. Mwaka 2006 Gizenga alishika nafasi ya tatu kwenye uchaguzi wa rais kwa kura kama 13 kwa mia, akamuunga mkono Joseph Kabila, na chama kikapata uwaziri mkuu: yeye hadi 2008, kisha Adolphe Muzito hadi 2012. Miaka mitano na zaidi mfululizo. Swali kwa jirani, na umuulize kwa heshima kwani ni mzee wako: katika miaka ile, ni sheria gani moja au mkataba gani mmoja wa madini uliobadilika kwa sababu waziri mkuu alikuwa mlumumbisti? Muzito baadaye alianzisha chama chake, na Gizenga alipofariki Februari 2019 chama kiliendelea kugombaniwa. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwenye vyama vya urithi. Mzee mmoja aliyemjua shujaa anakuwa ndiye kitabu. Akifa, kila mtu anasema mzee alimwambia yeye sikioni.

Usidhani haya ni ya Wakongo peke yao. José Martí wa Kuba alikufa 1895. Serikali ya Castro ilimfanya baba wa mapinduzi yake. Marekani, ilipoanzisha redio ya kuipinga serikali hiyo mwaka 1985, iliiita Radio Martí. Pande mbili zinazotaka kumezana, marehemu mmoja. Kinyume chake, tazama jirani zetu Watanzania. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti yanayoweza kukaguliwa: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Mwaka 1991, Zanzibar, CCM, chama kilichorithi TANU iliyoyaweka, kikayalegeza. Unaweza kusema walikosea au walipatia, lakini kila mtu anajua siku ambayo sharti lilibadilika. Urithi ulioandikwa kama sharti ukivunjwa huonekana. Ulioandikwa kama sifa hauvunjiki kamwe, na ndiyo sababu wanasiasa wanaupenda.

Basi, kabla ya karti, fanya hivi. Kwanza waombe statuti zao, yaani katiba ya kundi, uzisome nyumbani, usisomewe. Kama wanajiita chama cha siasa, sheria namba 04/002 ya 15 Machi 2004 inawataka wasajiliwe na Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa hiyo wana arete, hati ya waziri, yenye namba, iombe. Sheria hiyohiyo inakataza chama kujitambulisha na kabila au dini. Kama wanasema wao ni shirika tu, ASBL, wako chini ya sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, na karatasi zao zinapita Wizara ya Haki. Wengine watakuambia "sisi ni kundi la raia, hatuhitaji karatasi". Linaweza kuwa kweli na wakawa watu safi, lakini kundi lisilo na karatasi lisichange pesa za karti kwa jina la mtu asiyejulikana.

Ndani ya statuti, ruka utangulizi wenye majina ya mashujaa. Nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha rais. Nani anamchagua, kwa miaka mingapi, na nani anaweza kumtoa? Ukikuta neno "otorite morale", yaani mzee mwenye kauli ya mwisho, au "mwanzilishi" ambaye hana muda wa kumaliza, jua kwamba lawama ile ya 1959 dhidi ya Lumumba mwenyewe, kwamba anaamua peke yake, wao wameigeuza sheria. Kisha tafuta kifungu cha pesa: sahihi ngapi zinahitajika kutoa benki, na hesabu husomwa mbele ya wanachama mara ngapi kwa mwaka. Jambo hili huharibu makundi ya vijana kuliko itikadi. Fulana zinachapwa, karti zinauzwa, mweka hazina ni rafiki wa kiongozi, baada ya miezi sita hakuna daftari, na wanagawanyika pande mbili, kila upande ukibaki na nusu ya jina.

Halafu hudhuria mkutano mmoja bila karti, ukiwa msikilizaji. Usichague mkutano wa 17 Januari, siku hiyo kila mtu ni mlumumbisti. Chagua siku ya kawaida, ya mvua ikiwezekana, uone nani amekuja na wanajadili nini. Wakisoma pamoja barua ya mwisho ya Lumumba kwa mkewe Pauline, wabishane juu yake, wakosoane bila mtu kuitwa msaliti, hapo kuna kitu. Wakitumia saa nzima kupanga nani atakaa meza ya mbele, umeokoa franga zako.

Nimebakiza baba mkubwa. Usimpuuze, ila ana nusu ya hesabu. Kwenye uchaguzi wa jimbo la Katanga mwaka 1960, viti vilikuwa 60: CONAKAT ilipata 25, na Kartel, yaani muungano, ya BALUBAKAT ya Jason Sendwe, iliyokuwa na vyama vya ATCAR na FEDEKA ya Wakasai na kushirikiana na Lumumba, ikaifuata kwa karibu. Kwa hiyo Katanga haikuwa na sauti moja. Iligawanyika karibu nusu kwa nusu, na kaskazini watu walipigana dhidi ya Tshombe. Mwambie pia, taratibu, kwamba Tshombe huyohuyo Julai 1964 alikuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Na wale jandarme wake, askari wa Katanga, waliokimbilia Angola walirudi Shaba, jina la Katanga wakati ule, 1977, na Kolwezi 1978, wakiwa kundi la FNLC, wakizungumza lugha ya mapinduzi ya mrengo wa kushoto ambayo Tshombe asingeitambua. Ikiwa mzee ana picha za miaka ile au magazeti, keti naye uandike anachokumbuka kuhusu Julai 1960 hadi Januari 1963, na majina ya avenyu walizokaa. Wale vijana wa karti hawana hicho.

Fulana unaweza kuinunua hata kesho. Haihitaji karti, na ukiivaa utaulizwa maswali mazuri barabarani.